Nyumba Inatakiwa Tupu

Mombasa, 2 Februari 1981

Kwa mama yangu mpenzi, Bi. Lela,

Salamu nyingi zikufikie hapo Majengo. Sisi huku wazima, ila mtoto wa mwisho ana kikohozi. Wewe u hali gani? Miguu imepungua kuvimba? Pole tena kwa msiba wetu. Nasikitika niliondoka mapema baada ya khitma ya baba, lakini nauli ilikuwa ya kuazima, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya siku hiyo hiyo.

Mama, nitasema moja kwa moja maana wewe hupendi mtu azunguke mbuyu. Nyumba ya baba inabidi iuzwe. Tangu Desemba sina kazi, ghala limefungwa na sote tumerudishwa nyumbani. Wakwe zangu ndio wanaotuweka, na unajua mwanamume aliyewekwa na wakwe hulala jicho moja wazi. Yuko mnunuzi, Bwana Mursal Dubow, mwenye duka la jumla karibu na Gikomba. Anaitaka, lakini anaitaka tupu, bila wapangaji, na iwe imepakwa chokaa. Mimi siwezi kuja sasa. Naomba unisaidie kuitayarisha.

Haki yako iko pale pale. Mjane ana thumuni, na hiyo hakuna wa kuigusa. Tutakutafutia chumba kizuri kwa hiyo sehemu yako.

Wajukuu wanakusalimu. Fatu anauliza kama bado unapika visheti.

Ni mimi mwanao,
Idarusi

*

Majengo, Nairobi, 10 Februari 1981

Kwa mwanangu Idarusi,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipata, imeletwa na Batulo jirani, kwa kuwa mimi mlango wa barabarani siuvuki. Mimi mzima. Miguu imevimba vile vile, nayo haijaulizwa kama nyumba inauzwa. Mpe mtoto tangawizi na asali, usimpe dawa za dukani.

Naandika mwenyewe, miwani ya babako puani. Darasa la gumbaru mlilonicheka nalo limefaa kitu, ona. Herufi zikipanda mlima usijali, zitashuka.

Sasa nyumba. Sikudanganyi kuwa sikulia. Ndoa yangu niliingia kwa mlango huu, na wewe nilikupokea humu ukiwa na miaka sita, kamasi mpaka kidevuni, mamako mzazi ana wiki mbili kaburini. Lakini nyumba ni ya babako na wewe ndiye mwanawe, na mtu hawezi kula kuta. Nitaitayarisha.

Jambo moja tu nakuomba. Eda yangu ni miezi minne na siku kumi, na nimekaa mwezi mmoja na siku chache. Niache niimalize humu, chumbani kwa marehemu. Mjane hukaa eda nyumba aliyofiwa. Baada ya hapo mtu akitaka kuvunja, avunje. Miezi mitatu Mursal hatakufa.

Visheti napika. Mwambie Fatu vinataka mdomo wa kuvila, na mdomo uko Mombasa.

Mamako,
Lela

*

Majengo, 8 Machi 1981

Mwanangu Idarusi,

Salamu na dua. Najua u mzima kwa sababu habari mbaya zina miguu, zingeshafika.

Kazi imeanza. Kuwatoa watu nyumbani ukiwa umekaa chumbani si mchezo, mwanangu. Nawaita mmoja mmoja, wanasimama nje ya mlango, mimi nasema nikiwa ndani nyuma ya pazia. Mzee Mbithi seremala alikaa siku tatu, akaziba bati linalovuja ukumbini bila kuambiwa, kisha akabeba vyombo vyake vya kazi akaenda Mathare. Ngigi fundi viatu alisema maneno. "Sasa mathe, mnatutoa hivi hivi tu? Miaka nane nimekaa hapa, hata panya wananijua jina!" Nikamwambia basi aondoke na panya wake. Akacheka, lakini niliusikia mlango alivyoubamiza.

Nabwire ndiye aliyeniumiza. Unamkumbuka, anakaanga samaki, chumba cha nyuma kando ya choo. Ana watoto watatu na mume hana. Aliniambia, "Mama, mimi sina maneno na wewe. Umefiwa." Akahamia Huruma, gorofa ya tatu, chumba kimoja. Siku aliyoondoka alinifulia mashuka yote. Nililia mpaka nikajionea haya.

Mursal amekuja kuangalia. Alitembea na fundi wake, wakagonga kuta kwa vifundo vya vidole, wakahesabu madirisha. Walipofika kwangu Batulo akasema, "Hapa haingiliki, mna mjane." Nikamsikia Mursal akisema, "Mimi nataka nyumba tupu. Kama iko mtu ndani, hiyo si tupu." Si mtu mbaya, alisema pole yake vizuri na kuacha kilo mbili za sukari. Lakini alisimama pale mlangoni muda mrefu, nikaona viatu vyake chini ya pazia, nikahisi ninapimwa pamoja na chumba.

Chokaa imepakwa vyumba vitano. Changu bado.

Mamako,
Lela

*

Mombasa, 15 Machi 1981

Mama mpenzi,

Salamu. Tunashukuru Mungu, kikohozi kimekwisha. Ahsante kwa kazi yote hiyo. Najua si rahisi.

Mama, Mursal ameniandikia. Anasema ameonyeshwa nyumba nyingine, nayo iko tupu tayari. Akiniponyoka huyu simpati mwingine. Nimeuliza watu, wanasema mjane mwenye dharura anaruhusiwa kuhamisha eda. Waonaje? Bi. Batulo ana nafasi.

Pia nataka hati ya kiwanja. Baba alikuwa akiiweka katika sanduku la kijani chini ya kitanda. Itafute unitumie kwa posta, maana mbele ya kadhi kila mrithi atatia sahihi, mimi na wewe, na kadhi atataka kuiona.

Wako,
Mwanao Idarusi

*

Majengo, 24 Machi 1981

Mwanangu,

Nakusalimu. Leo usiniulize hali.

Dharura ni moto au ukuta kuanguka, si mnunuzi kukosa subira. Hilo nimemaliza.

Sanduku nimelifungua. Hati ya kiwanja ipo, nimeitia humu bahashani. Chini ya hati palikuwa na kanzu yake ya harusi, na ndani ya mfuko wa kanzu karatasi nyingine. Hiyo pia naitia humu. Isome halafu urudi kwenye barua yangu.

Umesoma. Ni mwandiko wake, ile herufi yake ya kafu yenye mkia. "Mimi Jumbe bin Abdurahim nimemwacha mke wangu Lela binti Salimu talaka tatu." Tarehe ni mwezi wa nane, mwaka wa sitini na nane. Hapana sahihi ya shahidi. Mimi hakunipa, hakunisomea, wala hakutamka neno hilo mdomoni hata siku moja.

Mwezi ule naukumbuka na wewe unaukumbuka. Ndipo ulipochukua vitambaa vya wateja vya kanzu ukaviuza Gikomba. Babako alilitoa sanduku lako barabarani mbele ya watu. Mimi nikatoka nikalikalia. Nikamwambia, akitoka huyu, natoka mimi. Alinitazama, akaingia ndani, akanyamaza siku tatu. Siku ya nne akaomba chai, na sanduku lako likarudi ndani. Nilidhani nimeshinda. Kumbe siku ile alinijibu, ila kwa karatasi.

Sasa mimi sijui. Miaka kumi na miwili na nusu baada ya hapo nimelala naye, nimempikia, nimemkanda, nimemsafisha alipougua, nimemfumba macho. Kama talaka ilipita, nilikuwa nani humu ndani? Eda ninayokaa ni ya nani?

Jiko lilikuwa linawaka kando yangu, mwanangu. Ningeitia motoni na asingejua mtu. Lakini Mungu angejua, na mimi ningesali kila siku sijui kama nimeishi katika ndoa au katika zinaa. Huyu imamu wetu hapa ni kijana, naye ni mtoto wa shoga yangu, siwezi kumtajia mambo haya. Nenda kwa Sheikh Twalibu huko, yule mzee aliyemsomesha babako. Mwonyeshe karatasi yenyewe. Atakalosema niandikie, chungu au tamu, nami nitalishika.

Mamako,
Lela

*

Mombasa, 2 Aprili 1981

Mama,

Salamu. Sisi wazima.

Nimekwenda kwa Sheikh. Amesema karatasi inatosha, na talaka tatu ni tatu. Kwa hiyo hukuwa mke wa baba alipofariki. Mirathi haikuhusu, sahihi yako haihitajiki, na eda pia haipo, unaweza kutoka wakati wowote bila dhambi.

Imenibidi nimweleze Mursal, kwa sababu aliuliza mbona sahihi ni moja. Atapaka chumba chako Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi. Tafadhali kiwe wazi.

Usihuzunike. Hukujua, na asiyejua husamehewa. Nikipata nafasi nitakutumia chochote.

Idarusi

*

Huruma, 20 Aprili 1981

Idarusi,

Salamu zako zilifika. Chumba kilikuwa wazi.

Fundi alikuja saa moja asubuhi na ndoo zake, mimi bado nafunga mabunda. Alianza ukuta wa dirishani. Niliuvuka mlango wa barabarani siku ya tisini na saba, juani, watu wakienda sokoni. Mtu akiwa amekaa ndani kiasi hicho macho hayaoni vizuri. Nilisimama kando ya ukuta kama mlevi mpaka nikazoea.

Ulivyomwambia Mursal, Mursal akamwambia fundi, na fundi ana mke. Kufika Jumatatu ya wiki ile, Majengo nzima ilikuwa inajua kuwa Lela wa fundi Jumbe alikaa kimada miaka kumi na miwili. Batulo, ambaye tumeazimana chumvi tangu kabla ya uhuru, aliniambia nyumba yake imejaa wageni. Sikuona kiatu hata kimoja mlangoni. Wanawake waliosema watakuja kunitoa eda sasa wakiniona wanageukia vibanda vya mboga. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe ningesikia hivyo juu ya mwingine, ulimi wangu unaujua.

Aliyenichukua ni Nabwire, niliyemtoa mimi. Nilikwenda kumwomba anionyeshe chumba cha kupanga, akanipokea mabunda mkononi. Tunalala watano chumbani. Sijamwambia yote, naye hakuuliza.

Ninakesha nikitubu. Naomba msamaha wa kila usiku wa miaka ile, mmoja mmoja, na sijui kama nimefika hata mwaka wa kwanza. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Nyumba sijaiwaza.

Lela

*

Mombasa, 18 Mei 1981

Mama yangu,

Sijui nianze vipi. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Naomba uzima wako, na naomba uisome mpaka mwisho hata ukitaka kuitupa.

Ijumaa iliyopita Sheikh Twalibu alinikuta mlango wa msikiti. Akanishika mkono, akasema, "Mama yako hajambo? Ametoka eda salama?" Nilisimama na viatu mkononi.

Sheikh hakusema nilivyokuandikia. Alisema kinyume chake. Aliitazama karatasi muda mrefu, akasema maandishi peke yake hayawi talaka mpaka iwepo nia, na nia ya maiti hakuna aijuaye. Akasema Jumbe alikuwa mtu msomi, angekuwa amekusudia asingekaa na mwanamke miaka yote ile na kufia mikononi mwake. Ndoa ilikuwa ya yakini, na yakini haiondolewi na shaka. "Ni mkewe," alisema, "anamkalia eda na anamrithi. Mwambie asiwe na wasiwasi." Alisema hivyo hasa, nikwambie usiwe na wasiwasi.

Nilitoka na jibu hilo, na kabla sijafika posta nilikuwa nimeshaligeuza. Mursal alikuwa amenipa wiki moja. Mke wangu alikuwa ameambiwa na ndugu zake achague, mimi au wao. Nilijiambia nitakulipa baadaye. Kuhusu jina lako sikufikiri kabisa, wallahi, niliona kuta tu.

Hukuzini, Mama. Hata usiku mmoja. Usitubu tena.

Thumuni yako nimeituma kwa hawala ya posta, kamili, imo humu. Nipe radhi yako. Usiponipa nimekwisha.

Mwanao,
Idarusi

*

Huruma, 25 Mei 1981

Idarusi,

Barua yako imenikuta hapa. Nimeisoma mara ya kwanza nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, maana nimerudishiwa mume wangu. Nimeisoma mara ya pili nikataka kukupiga kofi mpaka meno yako yaingie tumboni. Leo nimeisoma mara ya tatu ndiyo nakujibu.

Radhi nimekupa. Usidhani ni kwa wema. Laana ya mama huwafikia wajukuu, na Fatu hakunikosea.

Lakini sikiliza. Ungeniomba ile thumuni ningekupa. Ungesema, Mama nina shida, nachukua yote, nenda kalale kwa Nabwire, ningelia siku mbili nikaenda. Wewe hukuchukua nyumba. Ulichukua miaka ambayo nilikuwa nimeshaiishi, ukaitupa barabarani pamoja na mimi.

Hawala sijaigusa. Ninachotaka hakiingii bahashani. Njoo Majengo siku ya Ijumaa. Ikisha sala, kabla watu hawajatoka, simama useme Lela binti Salimu alikuwa mke halali wa Jumbe mpaka alipokufa, na aliyesema vingine ni wewe na ulisema uongo. Nusu dakika tu, halafu urudi kwako Mombasa na basi la usiku.

Nimeanza kukaa tena siku zangu zilizobaki. Zilikuwa thelathini na moja. Nabwire ametundika leso mlangoni, watoto wanaenda chooni kwa kunyata. Mtu akiniambia eda haikaliwi viporo, nitamwambia na mimi si mtu wa kuachiwa katikati.

Mamako,
Lela

*

Mombasa, 14 Juni 1981

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Ahsante kwa radhi yako, nimelala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Fatu amekuwa wa tatu darasani. Nimepata kazi ndogo ya kuandika mizigo.

Kuhusu lile jambo la msikitini. Nimelifikiria sana. Nikisimama vile mbele ya watu, Mursal atajua aliuziwa bila sahihi ya mrithi, na mauzo yanaweza kubatilika. Pesa sehemu kubwa imekwenda, na tayari amevunja kuta mbili za ndani. Watu wa Majengo pia si wa kusahau, wataniita mwizi mpaka kwa wajukuu zangu. Nawe unajua maneno ya watu hupoa yenyewe. Baada ya mwaka nani atakumbuka?

Nitakuja baada ya Ramadhani, Mungu akipenda, tuzungumze vizuri. Tafadhali ichukue hawala, ina muda wake. Nakutumia na doti ya leso, mke wangu ameichagua.

Mwanao akupendaye,
Idarusi

*

Huruma, 25 Juni 1981

Idarusi,

Hawala yako imo humu, na leso utaletewa na kijana mmoja wa hapa gorofani anayekuja huko Jumamosi. Mkeo ana jicho zuri, ilikuwa leso nzuri.

Jana magharibi siku zangu zimetimia. Nilimtuma mtoto Majengo aseme leo asubuhi natoka, mwenye nafasi aje. Unajua inavyokuwa, umeona utotoni, ukumbi umejaa wanawake, udi, huyu anakuogesha, yule anakuvika, mmoja anakushika mkono mpaka nje. Nilikaa kitandani tangu alfajiri. Ilipofika saa nne nikajua hakuna anayekuja.

Nabwire hakwenda kuuza samaki leo. Alichota maji chini bombani, ndoo mbili, gorofa tatu. Akanimwagia kwa kopo, pole pole, na mikono yake ile ya mafuta ya kukaangia. Akaniuliza, "Mama, kuna maneno ya kusema? Mimi ya kwenu siyajui." Nikamwambia aseme tu mke wa Jumbe ametoka eda.

Akafungua mlango akalisema ngazini kwa sauti yake ya sokoni, mara tatu. Watu walitoka vyumbani na masufuria mikononi, wengine walifikiri pameungua. Hakuna hata mmoja aliyemjua Jumbe. Mwanamke wa gorofa ya pili aliuliza, "Nani huyo?" na Nabwire akamjibu, "Alikuwa fundi wa kanzu huko Majengo. Huyu ndiye mkewe." Yule mwanamke akanipa pole.

Usije baada ya Ramadhani. Ukija, anzia msikitini.

Lela binti Salimu,
mjane wa Jumbe bin Abdurahim